Kiwanda cha Machungwa Nyuma ya Nyumba ya Bi. Mwanakheri

Iko nchi moja inayopakana na nchi zote na isiyofanana na hata mojawapo. Jina lake silitaji, kwa kuwa wenyewe hawapendi litajwe ovyo. Nitakayosimulia yalitokea huko, na anayedhani yanaweza kutokea kwingine, mawazo hayo ni yake, mimi simo.

Katika nchi hiyo alikuwapo Waziri wa Lishe ya Watoto, Mheshimiwa Fanuel Tindwa, mtu mwema aliyewapenda watoto, hasa walipokuwa wamepangwa mistari. Siku moja alikwenda kuzindua bomba la maji katika shule moja ya mji mkuu. Bomba halikuwa na maji, lakini hilo halikumsumbua mtu, maana kilichozinduliwa ni bomba. Taabu ilianza alipompa mkono mtoto mmoja wa darasa la pili. Mtoto yule alimtazama Waziri kwa heshima, akainama, akamtapikia viatu.

Uchunguzi ulifanyika siku hiyohiyo. Ikabainika kwamba getini mwa shule mtoto alikuwa amekula kashata nne, embe bichi la pilipili, yai la kuchemsha la tangu juzi, na barafu ya rangi ya zambarau ambayo mwuzaji mwenyewe hakujua rangi yake inatokana na nini. Na tuseme kweli, hali ya vyakula vya getini haikuwa nzuri. Vumbi lilikuwa likitua juu ya maandazi kama sukari, na nzi waliijua saa ya mapumziko kuliko walimu. Kwa hiyo Waziri aliposimama bungeni na kusema kwamba serikali haiwezi kukaa kimya huku matumbo ya taifa la kesho yakichezewa leo, hata wapinzani walipiga meza.

Baada ya miezi mitatu zikatoka Kanuni. Zilikuwa na kurasa mia mbili na kumi na nne. Wataalamu walioziandika walijifungia wiki sita katika hoteli moja ya kitalii, na inasemekana chakula cha huko kilikuwa kizuri sana. Kiini cha yote kilikuwa Kanuni ya Tisa: chakula chochote kinachouzwa shuleni, au hatua mia mbili kuizunguka shule, lazima kiwe na lebo. Lebo itaje jina la chakula, viambato vyake, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kisicho na lebo kitahesabiwa kuwa ni sumu mpaka ithibitishwe vinginevyo.

*

Bi. Mwanakheri alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, na nyumba yake ilitazamana na Shule ya Msingi Itikieni, katika mji mdogo ulio mbali na hoteli ile. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mchungwa mmoja mkubwa. Marehemu mumewe, fundi saa, aliupanda mwaka waliooana, akasema saa zitaharibika lakini mti ule utakuja kuwalisha. Kwa miaka ishirini Bi. Mwanakheri aliuza machungwa ya mti huo barazani kwake. Aliyamenya kwa kisu chembamba, ganda likatoka utepe mmoja bila kukatika, kisha akakata kifuniko kidogo juu ili mtoto abinye na kufyonza. Pembeni aliweka ndoo ya maji na kipande cha sabuni. Hakuna mtoto aliyepewa chungwa kabla bibi hajavinusa viganja vyake.

Bwana Afya wa eneo lile alikuwa Zefania Lukosi, kijana mrefu, mpole, mwenye kuyaamini maandishi. Serikali ilikuwa imempa pikipiki bila mafuta, naye aliisukuma popote alipokwenda ili watu wajue kwamba yuko kazini. Siku ya kwanza ya Kanuni aliisukuma hadi barazani kwa Bi. Mwanakheri, akaiegemeza ukutani, akaamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nikumenyee moja?"

Lukosi alikuwa amekula machungwa ya baraza ile tangu akiwa darasa la kwanza. Lakini alieleza kwamba leo amekuja kwa jambo la serikali, akafungua ukurasa, akamsomea Kanuni ya Tisa yote, pamoja na namba ya simu ya mpiga chapa. Kisha akaomba kuona lebo.

Bi. Mwanakheri alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mbishi. Aliuliza tu kama lebo inaandikwa juu ya ganda au ndani, maana yeye huuza machungwa yaliyomenywa. Lukosi alilifikiria swali hilo kwa muda mrefu, akakiri kwamba ni zuri na kwamba Kanuni haikulitazamia.

Siku iliyofuata bibi alikuwa amekata vikaratasi kutoka kwenye kalenda ya mwaka jana, akavitoboa, na kukifunga kimoja kimoja kwa uzi kwenye kikonyo cha kila chungwa. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Karatasi zilisema: Jina, chungwa. Viambato, chungwa. Mtengenezaji, mchungwa. Anwani, nyuma ya nyumba. Tarehe ya kutengenezwa, lilipoiva. Mwisho wa matumizi, utaona mwenyewe.

Lukosi alizisoma zote, kwa kuwa aliamini huenda moja ikatofautiana na nyingine. Aliridhika na mengi. Tatizo lake lilikuwa moja tu: Kanuni ilitaka mtengenezaji awe amesajiliwa, na yeye hakukumbuka kuliona jina hilo kwenye orodha. Badala ya kumfungia bibi baraza, aliandika barua makao makuu kuomba mwongozo. Alifanya hivyo kwa nia njema kabisa. Baadaye alisema kwamba katika maisha yake hajawahi kujutia barua kama ile.

*

Jibu lilikuja upesi kuliko ilivyo desturi ya nchi hiyo. Makao makuu walishukuru kwa taarifa kuhusu mtengenezaji aitwaye Mchungwa, ambaye kwa maelezo yaliyotolewa alikuwa akizalisha chakula cha watoto kwa miaka ishirini bila leseni. Mpaka kiwanda hicho kikaguliwe, bidhaa zake zisiuzwe.

Wakaguzi walikuwa watatu, nao walifika wakiwa wamevaa makoti meupe na kofia za plastiki za nywele. Walikuwa na fomu ya viwanda. Walisimama chini ya mti, mmoja akisoma maswali, wa pili akitazama juu, wa tatu akiandika. Bi. Mwanakheri alijibu kadiri alivyoweza. Malighafi? Udongo na maji. Chanzo cha nishati? Jua. Kama amelipia? Hakuwahi kuletewa ankara. Idadi ya wafanyakazi? Hapo alisita, kisha akasema ukihesabu nyuki ni wengi. Waliandika kwamba wafanyakazi hawana sare, hawajapimwa afya, na wamemshambulia mkaguzi mmoja alipotaka kuzungumza nao.

Ripoti ilitoka kwa haki. Ilisifu hewa ya kiwandani, ikasema ni nzuri kuliko ya viwanda vyote vilivyokaguliwa mwaka ule. Lakini kiwanda hakikuwa na paa, choo, mlango wa dharura wala mtungi wa kuzimia moto, na sakafu yake haikuwa na vigae. Mmiliki apewe siku thelathini kurekebisha kasoro hizo. Wakauzungushia mti utepe mwekundu wenye maandishi KIWANDA KIMEFUNGWA, wakapiga picha, wakaondoka.

Mchungwa uliendelea kuzaa. Msimu ulikuwa mzuri. Machungwa yaliiva juu ya utepe na kuanguka chini yake, na baada ya wiki mbili Bi. Mwanakheri akaitwa ofisini kwa kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza: kuendelea na uzalishaji baada ya kufungwa. Karani alimtaka atoe maelezo ya maandishi. Aliandika mstari mmoja: "Nimeuambia, hausikii."

Karani aliusoma, akaugonga mhuri wa IMEPOKELEWA, akauweka jaladani.

*

Wakati huo shule haikuwa na njaa, msije mkadhani. Duka jipya lilikuwa limefunguliwa ndani ya uzio, lenye rangi za kupendeza na kibali kikubwa ukutani. Liliuza bidhaa za Bwana Evaristi Kolombo, mwenye kiwanda mjini. Sisemi kwamba Bwana Kolombo alipendelewa. Yeye na Waziri walikuwa wameoa nyumba moja tu, na katika nchi ile kuoa nyumba moja si kosa.

Bidhaa zake zilikuwa mbili. Ya kwanza iliitwa Kruti-Kruti, vitu vyepesi vya mviringo ambavyo ukivitia mdomoni vinapotea na kuacha chumvi. Ya pili ilikuwa unga wa kukoroga kwenye maji, na jina lake Chungwa Halisi. Pakiti yake ilikuwa na picha ya chungwa lenye umande. Viambato vilikuwa kumi na moja, saba kati yake vikiwa namba, na chungwa halikuwamo. Lakini lebo ilitimiza kila kitu, anwani ipo, tarehe zipo, hata kijiko cha kupimia kilichorwa. Lukosi aliikagua mara tatu akitafuta kosa, hakuliona, akaidhinisha. Usiku huo hakulala vizuri, lakini hakuweza kusema kwa sababu ipi.

Bi. Mwanakheri aliendelea kutoka barazani kila saa ya mapumziko kwa mazoea. Alikaa juu ya kigoda, mikono mapajani, hana cha kumenya. Watoto waliovuka kumsalimu aliwanusa viganja, kisha akakumbuka kwamba hana la kuwapa, akawaambia warudi darasani wasichelewe. Kile kisu alikifunga kwenye kitambaa na kukiweka sandukuni, pamoja na saa za mumewe.

Siku thelathini zikaisha. Makao makuu wakaandika kwamba, kwa kuwa mmiliki ameshindwa kuweka paa na vigae, kiwanda kibomolewe. Zoezi lingefanyika Ijumaa saa nne asubuhi, na Mheshimiwa Waziri angekuja mwenyewe, pamoja na watu wa televisheni, ili liwe funzo kwa viwanda vingine vya aina hiyo. Bwana Afya aandae mashoka mawili, na aombe kibali cha kila moja.

*

Jumatano Lukosi alikwenda shuleni kuomba viti vya wageni. Mwalimu Mkuu, Asumta Kibena, mwanamke wa maneno machache, alimwambia viti vipo, kisha akamwekea mezani daftari la wagonjwa la shule. Alimwacha alisome.

Lukosi alilisoma kama alivyosoma kila kitu, kuanzia mwanzo. Tangu duka lifunguliwe, wenye kuumwa meno walikuwa wameongezeka mpaka mwalimu akaacha kuandika neno "meno" na kuweka alama tu. Wenye kufunga choo walijaza kurasa mbili. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, kulikuwa na majina ya waliolala darasani kipindi cha nne, na jina la Subira wa darasa la tano lilijirudia kila siku. Lukosi alimfahamu. Mwaka jana ndiye aliyekuwa wa kwanza kwa hesabu wilaya nzima.

Akaomba aitwe. Subira alikuja akifikicha macho, akaamkia. Lukosi akamuuliza leo mapumziko amekula nini.

"Nimekula chungwa," akasema Subira.

"Umelipata wapi?"

Mtoto akatoa mfukoni pakiti tupu, akamwonyesha picha. Akatoa na ulimi ili aaminike. Ulikuwa na rangi kama mlango uliopakwa jana.

Lukosi alimshukuru, akamruhusu aende zake, akabaki ameinamia daftari. Mwalimu Asumta alisema baadaye kwamba alidhani anasoma, mpaka alipoona ukurasa umelowa tone moja, nje kidogo ya mstari.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "mimi ndiye niliyeandika ile barua."

"Najua," akajibu Mwalimu Asumta. "Sasa soma hizo Kanuni zako vizuri. Umezisoma kama mtu anayetafuta makosa ya wenzake. Zisome kama mtu anayetafuta mlango."

Lukosi hakuondoka. Alikaa palepale ofisini kwa Mwalimu Mkuu siku ile na siku iliyofuata, akizisoma Kanuni tangu ukurasa wa kwanza, kidole kikitembea chini ya kila mstari. Alhamisi, saa tisa alasiri, alifika ukurasa wa mia moja themanini na saba. Mwalimu alimsikia akivuta pumzi. Kisha akamsikia akicheka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia katika mji ule.

*

Ijumaa watoto walipangwa mistari. Waziri alifika na msafara, Bwana Kolombo akiwa gari la pili. Meza kuu ilipambwa kwa maua ya plastiki na pakiti za Kruti-Kruti. Watu wawili wenye mashoka walisimama kando ya mti. Bi. Mwanakheri alikuwa ameletewa kiti mstari wa mbele, kama mfiwa. Alijifunika kanga, akautazama mchungwa wake bila kupepesa.

Waziri alihutubia kwa robo tatu ya saa. Alisema afya ni mtaji, na mtaji ni mtoto, na mtoto ni afya. Alisema dunia inaitazama nchi yao kwa wivu. "Leo," akamalizia, "tunaangusha mti mmoja ili tusimamishe taifa." Watu wakapiga makofi, kwa kuwa mtu wa protokali alikuwa ameinua mkono. Kisha akawageukia wenye mashoka, akainamisha kichwa kuwapa ruhusa.

Lukosi akatoka kwenye mstari wa watumishi akiwa na jalada kifuani.

"Mheshimiwa, naomba radhi. Shoka haliruhusiwi."

Mpiga picha wa televisheni, aliyekuwa ameelekeza kamera kwenye mti, akaigeuza taratibu.

"Haliruhusiwi na nani?" akauliza Waziri.

"Na Kanuni ya Mia Moja Sitini na Tatu, Mheshimiwa."

Akaisoma. Ilisema kwamba chakula ambacho hakijasajiliwa kinaweza kugawiwa wanafunzi bure kwa ajili ya utafiti, wazazi wakiridhia, chini ya usimamizi wa Bwana Afya wa eneo. Na chanzo cha sampuli hakitabomolewa, hakitahamishwa wala hakitafungwa mpaka utafiti utakapokamilika, na atakayekigusa atakwenda jela miezi sita. Lukosi akaeleza kwamba tangu jana alasiri utafiti wa athari za chungwa katika mwili wa mtoto umeanza rasmi. Wazazi mia tatu na kumi na wawili wametia sahihi. Jalada limefunguliwa, lina namba.

"Nani aliiandika Kanuni hiyo?" Waziri aliuliza kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa.

"Ni Mheshimiwa mwenyewe. Sahihi yako ipo hapa."

Waziri akamtazama Bwana Kolombo. Bwana Kolombo alikuwa ameanza kupendezwa sana na mawingu. Ndiye aliyeomba Kanuni ile iwekwe, ili aweze kugawa Kruti-Kruti za bure shuleni kabla hazijapata kibali, na ndiye aliyetaka adhabu ya jela, asije mtu akamfungia kiwanda katikati ya ugawaji. Wenye mashoka nao, waliposikia miezi sita, walikuwa wamekwisha kuyaweka mashoka chini na kusogea hatua tatu nyuma.

Waziri hakufika alipofika kwa bahati tu. Alitafakari kwa muda wa kikohozi kimoja, kisha akakisogelea kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," akasema, "hili ndilo hasa nililokuja kuwatangazia."

Makofi yakapigwa tena, na safari hii mtu wa protokali alikuwa amechelewa kuinua mkono.

*

Utepe ulikatwa mchana ule. Bi. Mwanakheri aliteuliwa Msaidizi wa Utafiti, na kwa kuwa nchi ile hailipi watu kwa kuuza machungwa lakini hulipa posho kwa kuyachunguza, maisha yake yalikuwa bora kidogo kuliko zamani. Alipoletewa barua ya uteuzi aliibusu, akauliza kama bado anaruhusiwa kuwanusa watoto viganja. Lukosi akamjibu kwamba hiyo sasa ni sehemu ya mbinu za utafiti, na haiwezi kuachwa.

Jumatatu watoto walivuka barabara mmoja mmoja. Subira alipewa lake, akalibinya, akafyonza, akasimama akilitazama kwa mshangao wa mtu aliyekutana na mtu aliyemjua kwa picha tu. Bwana Afya aliandika. Mwishoni bibi alimmenyea na yeye, naye akala amesimama, maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko, juu ya koti la serikali.

Muhula ulipoisha makao makuu walitaka matokeo ya awali. Lukosi alijibu kwamba washiriki wote wapo hai, hawalali kipindi cha nne, na wameomba sampuli ya pili. Kuhusu lini utafiti utakamilika, alisema sayansi haiharakishwi. Anasubiri washiriki wazeeke ili aweze kulinganisha.

Barua hiyo, sijui kwa njia gani, ilisomwa na mabwana afya wa wilaya nyingine. Mmoja akafungua utafiti wa papai. Mwingine akaanza na ndizi mbivu, mwingine mihogo ya kuchemsha, mwingine maziwa ya ng'ombe wa jirani. Leo nchi ile inaongoza duniani kwa tafiti za lishe, na wageni huja kuuliza siri yake. Watoto wenyewe hawajui kwamba wanachunguzwa. Wao wanajua wanakula.